Jino la Bandia la Trekta la Mvuke

Mtaani kwetu anaitwa Fundi Meno, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Hang'oi jino wala hachomi sindano, na midomo ya wagonjwa haioni ila kwa nadra. Daktari wa kliniki humletea alama ya fizi iliyoganda kwenye kisahani, naye hujifungia nayo chumba cha nyuma cha hapo kliniki, akayeyusha nta, akamimina plasta, akachonga, akasugua, mpaka mtu aliyekuwa akiishi kwa vyakula vya kumeza tu akaweza tena kutafuna karanga mbele za watu.

Mumewe ni kinyozi. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, kilichotobolewa mlango wa kuelekea barabarani. Kuna viti viwili vya kunyolea, kioo chenye ufa kwenye kona, na benchi ambalo watu hukaa hata kama hawana unywele wa kukata. Mimi ni mmoja wa watu wa benchi hilo. Mengi ya haya niliyasikia hapo, mengine niliyaona kwa macho yangu, na machache alinieleza mwenyewe Fundi Meno, tena kwa kunichorea chini kwa kidole, maana yeye hawezi kueleza kitu bila kuchora.

Ilianza kwa ukuta kuanguka. Njia anayopita kwenda kliniki inaambaa na yadi ya zamani ya mitambo ya barabara, mahali palipofungwa siku nyingi, na ukuta wake ni mrefu, huoni ndani hata ukisimama kwa ncha za vidole. Mvua kubwa ikapiga, kipande cha ukuta kikalala chini, na asubuhi yake Fundi Meno akaona katikati ya magugu gurudumu la chuma lililomzidi kimo, na mbele ya gurudumu hilo tumbo refu jeusi la chuma, na juu ya tumbo dohani.

Mlinzi wa yadi, bwana mmoja mnene, alikuwa akipiga mswaki kando ya bomba.

"Habari za asubuhi, kaka."

"Nzuri, dada. Hapa hapapitwi lakini."

"Sipiti, naangalia tu. Kile ni kitu gani?"

Mlinzi akatema povu. "Trekta la mvuke. La enzi hizo. Lilikuwa linavuta mawe ya kujengea barabara."

"Mvuke unavutaje mawe?"

"Dada yangu," mlinzi akasema, "mimi nalinda tu."

Fundi Meno akaenda zake kazini, lakini swali lile lilimganda. Jioni alipofika nyumbani alibandika sufuria ya maji akakaa mbele yake kwenye kigoda kama anayemlinda mwizi. Maji yakachemka, kifuniko kikaanza kurukaruka. Mumewe akaja kuuliza kama chakula ki tayari, akakuta sufuria haina kitu ila maji.

"Kifuniko kinaruka juu na kushuka," mkewe akamwambia. "Hilo sawa, kila mtu analijua. Lakini gurudumu haliruki, linazunguka. Nani anaichukua ile ruka-shuka na kuigeuza izunguke?"

"Na ukijua itakuwaje?"

"Nitakuwa nimejua."

Kinyozi alitusimulia hayo kesho yake huku mkasi ukichezacheza hewani, akataraji tucheke, na tulicheka. Kisha mmoja wetu akauliza, kwa hiyo inageuzwaje, tukatazamana.

Basi Jumamosi iliyofuata Fundi Meno alirudi yadi. Alimbebea mlinzi chai ya chupa, akamwomba aingie mara moja tu, na mlinzi akakubali shingo upande. Mara moja hiyo ikazaa nyingine nyingi. Alivaa koti jeupe la kunyolea la mumewe, ambalo tangu siku ile halikurudi kuwa jeupe tena, akachukua futi kamba, chaki na daftari la shule, akaanza kulipima lile trekta kuanzia puani hadi mkiani. Alitambaa chini ya tumbo lake. Aliingiza mkono kwenye mlango wa tanuru akatoa kiota cha panya. Alipanda juu ya boila, yaani lile tumbo la kuchemshia maji, akaukuta mkono wa chuma mnene kama mguu wa mtu, unaotoka kwenye silinda na kushika mhimili uliopindwa, na pale akapata jibu la swali lake la kwanza: pistoni iliyo ndani ya silinda inakwenda na kurudi, mkono unausukuma ule mhimili mahali palipopindwa, mhimili hauna la kufanya ila kuzunguka. Ni kama mtu anayekanyaga pedeli za baiskeli. Alifurahi nusu saa, halafu akaona wenzo mrefu kando ya kiti cha dereva, na vyuma vingi vyembamba vilivyounganishwa nao, na mlinzi akamwambia kwa kujiamini kwamba huo ndio wa kurudi nyuma.

"Maji ni yale yale, moto ni ule ule," Fundi Meno akasema. "Linajuaje kwamba sasa lirudi nyuma?"

Mlinzi akajikuna kichwa. "Unaniharibia Jumamosi zangu," akasema. "Sasa na mimi nakaa nafikiria."

Ni huyo mlinzi aliyempa habari mbaya pia: watu wa chuma chakavu walikuwa wameshakuja kuliona, na lori lao lingeweza kutokea siku yoyote. Fundi Meno akaanza kwenda hadi siku za kazi, asubuhi kabla ya kliniki. Kulikuwa na sehemu moja iliyompiga chenga, gurudumu la meno lililo kando ya gurudumu kubwa la nyuma. Meno yake yalikuwa na umbo la mviringo wa ajabu, si pembe tatu wala mraba, na futi kamba haikuweza kulishika umbo hilo. Akakaa akalitazama. Halafu akacheka peke yake, maana alikuwa amesahau yeye ni nani.

Siku ya pili alikuja na ndoo na ule unga wa kuchukulia alama za fizi. Aliukoroga kwa maji, akaupaka kwenye sehemu ya gurudumu, akasubiri ugande, akaubandua kwa utaratibu kama unavyobanduliwa kwenye fizi za mgonjwa. Akaenda nao kliniki, akamimina plasta, na mchana akawa na meno ya trekta mezani, meupe, makubwa kama matofali madogo, yamepangana na meno ya watu.

Daktari aliingia akayaona. "Hili taya ni la nani?"

"La trekta, daktari."

"Lina bima?"

Walicheka, na daktari alipotoka Fundi Meno akalisogeza lile taya kwenye taa ili alipime. Ndipo alipogundua kwamba jino moja si mwenzao. Lilikuwa na mstari mwembamba shinani, umezunguka pande zote, kama unaoonekana pale jino la bandia linapokutana na fizi. Mtu mwingine angeudhani ni ufa wa plasta. Yeye mstari wa namna hiyo anautengeneza kila siku ya Mungu, na kila siku anahangaika kuuficha.

Kesho yake alikuwa yadi na brashi ya waya. Alisugua kutu na grisi ngumu, na kweli, jino lile lilikuwa la kupandikizwa. Jino la asili lilivunjika, mtu akachimba kitako, akalichonga jipya kwa chuma kingine, akalifunga kwa vijiti vya chuma ambavyo vichwa vyake vilikuwa bado vinaonekana. Ubavuni mwa jino kulikuwa na michirizi ya tupa. Fundi Meno aliitazama michirizi ile mpaka mlinzi akaja kuangalia kama amezirai.

"Inalala upande si wake," akamwambia.

"Nini kinalala?"

Alichukua kipande cha bati nene, akakikandamiza kwenye jiwe, akakipiga tupa kwa mkono wake wa kulia. Michirizi ikalala huku. Akahamisha tupa mkono wa kushoto, akapiga kwa taabu, kama mtoto anayejifunza kuandika. Michirizi ikalala kule, kama ile ya jino.

"Aliyelichonga alikuwa wa mkono wa kushoto," akasema.

Mlinzi akakaa chini, akaegemea gurudumu. Akafikiri, akasema fundi wa mwisho wa yadi ile alifariki zamani, ila binti yake yupo, ndiye yule mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, ambaye watu humwita Mama Misumari.

Fundi Meno alimkuta Mama Misumari akipima misumari kwenye mizani, mwanamke mrefu wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alisubiri wateja wapungue, akamsalimu, akajieleza kwamba amekuwa akilipima lile trekta la yadi. Halafu, kwa kuwa hajui kuzunguka mbuyu, akauliza, "Samahani dada, marehemu baba alikuwa akitumia mkono gani kazini?"

Mama Misumari akaacha kupima. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Kuna jino moja la bandia kwenye gurudumu. Nadhani aliyelitia alikuwa wa kushoto."

Yule mama akavaa miwani yake, akamtazama vizuri. "Kushoto," akasema. "Mezani alikatazwa na bibi tangu utotoni, akazoea kulia. Kazini hakuna wa kumkataza." Akaisogeza mizani kando. "Na hilo jino nalijua. Gia ilivunjika, wakaambiwa wasubiri nyingine ije kwa meli. Wakasubiri weee. Baba uvumilivu ukamwisha, akachukua chuma cha springi ya lori, akawa anakuja nacho nyumbani, anapiga tupa kizingitini, mama anafagia unga wa chuma huku anasema maneno yake. Siku moja akaja mikono mitupu akasema, nimelitia jino. Sisi watoto tuliogopa kupita pale yadi. Tulidhani linauma."

"Bado lipo," Fundi Meno akamwambia. "Halijachezacheza hata kidogo. Nimelitikisa."

Mama Misumari alirudi kwenye mizani yake, akamwaga misumari, akaanza kuipima upya, na Fundi Meno akaona ni heshima kuaga.

Fundi Meno alitaka kumleta Mama Misumari yadi alione. Walipanga hivyo, Jumamosi. Lakini Ijumaa asubuhi alipopita pale alikuta magugu yamelala, ardhi imechimbika kwa magurudumu ya lori, na pale lilipokuwa trekta pana doa jeusi la mafuta. Mlinzi alikuwa amesimama karibu nalo, mikono nyuma.

"Jana jioni," akasema. "Walikuja na mitungi ya gesi, wakalikatakata vipande. Niliwaambia wakuachie angalau ile gia. Hawakunielewa hata naongea nini."

Kinyozi anasema siku ile mkewe alirudi kutoka kazini, akala, akaosha vyombo, akafuta meza, kisha akatandaza michoro yake yote juu ya meza. Alikuwa na vipimo, alikuwa na lile taya la plasta, na alikuwa na swali lake la kurudi nyuma ambalo halijajibiwa. Kwenye karatasi vile vyuma vyembamba vilikataa kutembea.

"Nitalitengeneza," akamwambia mumewe.

"Lipi?"

"Lile lile. Dogo. Kila kipimo nitakigawa kwa sita. Litafika hapa," akaonyesha chini kidogo ya goti lake.

Mumewe alidhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu, yangepoa. Hayakupoa. Binti yao alikuwa ameolewa, chumba chake kikabaki na kitanda, kabati na pazia la maua. Kwanza zikaingia tupa na msumeno wa chuma. Ikaja jiliwa ya kubania vyuma, ikafungwa kwenye meza ya kusomea. Ikaja mashine ndogo ya kukereza, mali ya fundi saa mmoja aliyestaafu, nayo Fundi Meno akaifungia mota ya cherehani. Chini ya kitanda zikalala fimbo za shaba na mabati. Siku binti alipopiga simu akasikia mlio wa mashine, aliuliza, "Mama, chumba changu mmekifanya gereji?"

"Kitanda chako kipo, mwanangu."

"Kina nini juu?"

Mama mtu akaangalia. "Magurudumu," akakiri.

Vipande vidogo vyenye maumbo magumu alivitengeneza kama anavyotengeneza meno: anakichonga kipande kwa nta, anakizika kwenye plasta, anaichoma nta ikayeyuka na kutoka, halafu anamimina shaba mahali nta ilipokuwa. Tanuri la kliniki lilikubali kazi zote mbili, na daktari, ambaye sasa alikuwa akipita kila jioni kuchungulia, alisharuhusu kwa sharti kwamba mtu asije akapewa kwa makosa bolti badala ya gego. Magurudumu makubwa aliyapinda kwa bati nene na kuyafunga kwa ribiti, moja moja. La kwanza likatoka yai. Akalivunja, akaanza upya. Alikuwa na subira ya kazi yake, ile ya mtu aliyezoea kusikia mgonjwa akisema bado linanibana hapa, akalirudisha kwenye tupa bila kununa.

Gurudumu la meno alilichonga likatoka safi, meno yote sawasawa, likang'aa. Akalionyesha kwa mumewe, mumewe akalisifu. Kisha akalifunga kwenye jiliwa, akachukua msumeno, akaanza kukata jino moja.

Kinyozi alishika mlango. "Mke wangu, hilo si zima?"

"Ni zima."

"Sasa?"

"Kwenye lile la kweli lilivunjika hapa. Nataka nijue alilitiaje."

"Umeshajua alilitiaje. Umetuambia sote pale dukani, hata wasiotaka."

"Najua kwa maneno," mkewe akasema, akaendelea kukata.

Na kweli aliyokuwa hajui yalikuwa mengi. Alichonga kijino kwa chuma cha springi, kigumu mno, tupa ikawa inateleza. Alikitia, kikachezacheza. Akakitoa, akachonga kingine, nacho kikabana mno, gia ikagoma kuzunguka. Alipofikia kilichokaa sawa, vidole vyake vilikuwa vimechubuka, na alikuwa ameshaelewa kwa nini yule fundi wa kushoto alitumia vijiti vitatu badala ya viwili: kwa viwili jino linapata nafasi ya kuinama. Alisema alijisikia kama amekaa na mtu benchi moja siku nzima bila kuongea.

Boila ndilo lililomwingiza shemeji katika kazi hii. Huyu ni mdogo wake kinyozi, mhudumu wa boila katika chumba cha kufulia cha hospitali, mtu mkimya, mwenye kovu la maji moto kutoka kiwiko hadi kifundo. Alikuja kwa mengine, akaonyeshwa boila dogo la shaba nyekundu juu ya meza, akaligeuza huku na huku, akaligonga kwa ukucha.

"Shemeji," akasema, "hili ukalitie moto bila kulipima, mimi nyumba hii siji tena."

"Si dogo tu?"

"Mdogo na mkubwa, mvuke ni ule ule. Ungekuwa maji ungekulowesha. Huu unapasua."

Alirudi na pampu ya mkono na geji ya kupimia shinikizo. Wakalijaza boila maji baridi mpaka pomoni, wakaziba kila tundu, wakapampu, maana maji baridi hata boila likishindwa hayarukii mtu. Shemeji akataka shinikizo lifike mara mbili ya lile litakalotumika. Halikufika hata nusu. Tone likatokea kwenye kona ya chini, likaning'inia, likadondoka, likaja lingine. Shemeji akafunga pampu yake akaenda zake. Fundi Meno akalipasha moto boila zima, akalirudia kwa lehemu ya fedha, shemeji akarudi. Safari hii likavuja kwingine. Walifanya hivyo mpaka wanaume wa benchi tukaanza kuulizana asubuhi, kama watu wanaofuatilia ligi, jana je, limeshika? Siku liliposhika, shemeji alikaa mbele ya geji akaikodolea macho muda mrefu, sindano imesimama kama imechorwa, na mwisho akasema, "Haya." Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba.

Siku ya kuliwasha nilikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Tukasikia kutoka uani mlio kama wa paka aliyekasirika. Kinyozi akasema "naja," akatoka na wembe mkononi. Nikamfuata na kitambaa shingoni.

Lilikuwa katikati ya uwanja wa nyuma, jeusi, limesimama kwa magurudumu yake, moshi mwembamba wa mkaa ukitoka kwenye dohani. Shemeji alikuwa amechuchumaa kando, macho kwenye geji. Fundi Meno alikuwa amepiga magoti nyuma yake, uso umelowa jasho. Akausukuma wenzo mbele, akafungua mvuke taratibu. Gurudumu la pembeni, lile lililoshikamana na mhimili, likatetemeka, likasita kana kwamba linafikiri, halafu likazunguka. Trekta likaanza kwenda, puf, puf, puf, kinyumenyume, likampita mwenyewe magotini, likaenda moja kwa moja kwenye beseni la nguo, likaliinamisha, maji yote yakamwagikia viatu vya mumewe.

Shemeji akafunga mvuke.

"Mke wangu," kinyozi akasema huku akinyanyua mguu mmoja, "umelifanya kama mimi. Ukiniambia mbele, naenda nyuma."

Lakini mkewe hakuwa anamsikia. Alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye udongo uliolowa, jicho kwenye mhimili. Juu ya mhimili ule kuna visahani viwili, vimetobolewa nje ya kitovu, hivyo kila kimoja kinapozunguka kinayumba na kusukuma chuma chake. Kimoja kinaupa mvuke zamu ya kwenda, kingine zamu ya kurudi, na wenzo kazi yake ni kuchagua tu atasikilizwa nani. Yeye alivipachika kimoja mahali pa kingine.

"Nimeona," akasema kutoka chini. "Linajua kurudi nyuma kwa sababu lina akili mbili, na wenzo unanyamazisha moja." Akaanza kucheka, uso una tope. "Nimeona. Kama lingekwenda mbele nisingeona."

Nilirudishwa kitini baada ya muda mrefu, na nusu ya pili ya kichwa changu haikupata umakini wa ile ya kwanza.

Visahani vikabadilishwa. Kabla ya kulitoa barabarani Fundi Meno alimwalika Mama Misumari. Alikuja Jumapili mchana na gauni la kutokea, akakaribishwa kiti, akakikataa, akainama kando ya trekta. Hakuuliza lipi ni jino lenyewe, alilipata. Akaweka ncha ya kidole juu yake, akamwambia Fundi Meno alizungushe gurudumu kwa mkono, polepole, na jino likaja, likauma gia mwenzake, likapita. Akaomba tena. Akaomba tena. Alipoinuka alisema kwamba baba yake asingependa watu waangalie lile jino, angetaka waangalie kama mawe yamefika. Akafuta kidole chenye grisi kwenye leso, akasema tutoke.

Nyuma ya trekta walifunga kigari cha mbao chenye magurudumu madogo. Fundi Meno akakaa mbele yake, mikono ikifika kwenye usukani na wenzo, na kigari kikabaki na nafasi ya mtu mmoja. Tukaulizana nani mzito kuliko wote. Macho yote yakamwendea kinyozi. Alijitia hamnazo, akasema ana mteja, akaambiwa wateja wake wote wapo hapo wamesimama. Akapanda, kigari kikalia.

Mkewe akafungua mvuke. Trekta likakoroma, likakaza, magurudumu yake yakasaga changarawe mahali pamoja, nikadhani basi. Kisha yakashika. Chombo kisichofika gotini kikaanza kuwavuta watu wazima wawili katikati ya barabara yetu, mwendo wa mtu anayetembea na mawazo yake, na sisi kandokando. Shemeji alikuwa karibu na geji, anatembea kiupandeupande kama kaa. Majirani wakatoka milangoni. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wanasikiliza ule mlio.

Kinyozi, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, alinyamaza kutoka mlangoni kwake mpaka duka la mkaa. Alikuwa amemwinamia mkewe begani, anaangalia mbele. Walipokaribia kona, mkewe akazungusha usukani na gurudumu la mbele likageuka.

"Subiri," kinyozi akasema. "Hapo limegeukaje?"

"Minyororo."

"Minyororo ipi? Mnyororo unavuta tu, hauwezi kusukuma."

Fundi Meno akafunga mvuke. Akageuka akamtazama, na nilivyomwona mimi, alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akashuka, naye kinyozi akashuka, wakachuchumaa wote wawili mbele ya trekta katikati ya njia. Akamwonyesha ule mche wa chuma wa mviringo chini ya boila ambao minyororo inajiviringa juu yake, mmoja kulia na mmoja kushoto, ukikaza huku unaachia kule. Akamshika mkono akauweka kwenye usukani. Kinyozi akazungusha kushoto, akachungulia chini, akazungusha kulia, akachungulia tena. Mwendesha baiskeli mmoja akapiga kengele, akaona hawaondoki, akawazunguka kwa pembeni.

"Kwa hiyo hakuna anayesukuma," kinyozi akasema. "Wote wawili wanavuta, wanapeana zamu."

"Ndivyo."

"Hebu tena," akasema, akauzungusha.